Komiki za Star Trek za Gold Key, vituko vitupu ila tamu

Kama we ni shabiki wa Star Trek ya kwenye TV, ile sirizi ya safari za anga za juu, alafu ukashika hizi komiki za kampuni ya Gold Key zilizoanza 1967 utacheka mpaka basi, chombo chao cha anga Enterprise kinatoa moto nyuma kama fataki! Wachoraji wa mwanzo walikua Waitaliano na Alberto Giolitti alianza kuchora bila hata kuiona hiyo sirizi, anategemea picha tu. Sura ya Spock, yule msaidizi wa kapteni, lakini wamejitahidi, nyusi juu vilevile. Stori zingine za hovyo kusema kweli, toleo la kwanza mimea inakula watu alafu mwishoni watu wa Enterprise wanateketeza mimea ya sayari nzima, hao ndo Kapteni Kirk na Spock tunaowajua jamani?? Yako matoleo 61 mpaka 1979, anza na ya mwanzoni ndo yana raha.