Bima ya gari Houston kwa sisi wageni: kabla ya bei, uliza nani kawekwa pembeni

Mdogo wangu alitumwa sembe akarudi na deni la dola 3,800. Kosa lenyewe dogo tu, alikuwa anarudi rivasi kwenye paking ya duka kule Bissonnet akagusa mlango wa Tahoe mpya ya watu, hakuna aliyeumia, hata kelele hazikuwepo. Nikamwambia tulia, gari ina bima, kila mwezi nalipa ya nini? Nikapiga simu najiamini kabisa. Dada wa kwenye simu akauliza jina la dereva, nikamsikia anachapa, akanyamaza. Anaishi na wewe? Ndiyo. Akanyamaza tena. Halafu ndo ananiambia bima yangu hailipi hata senti, kwa sababu nilishasaini mwenyewe kwamba huyo kijana akishika usukani hakuna bima.

Nilisaini wapi? Ukurasa wa kumi na moja. Siku nachukua hiyo bima kwenye duka la bei chee, wakala, mwenzetu kabisa, dada yangu dada yangu nyingi, aliniuliza nyumbani mnaishi wangapi, nikamtajia wote. Akasema huyu mdogo wako leseni yake bado changa, ngoja nimweke pembeni bei isipande. Mimi nilivyosikia pembeni nikaelewa kama kwenye kamati ya harusi, mtu hana hela mnamweka pembeni, hachangi lakini siku ya siku anakula. Akanigeuzia tableti nikasaini kwa kidole, saini imetoka kama mnyoo, dakika tatu tumemaliza na nikaondoka nafurahia bei.

Ndo maana leo sitaanza na bei, na zile habari za sijui kampuni ina nyota ngapi mtasoma kwingine. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, majina.

Sisi tumekuja na akili ya bima ya Bongo. Kule nilikuwa nalipa laki na kumi na nane ya third party kwa mwaka, gari likishakuwa na bima limekuwa na bima, akiendesha shemeji, akiendesha fundi, mradi ana leseni basi. Huku rafiki akiazima gari siku moja kwa ruhusa yako mara nyingi bima inamfunika, lakini mtu anayelala nyumbani kwako ni habari nyingine, kampuni inataka kumjua kila mwenye umri wa kuendesha. Na sisi nyumba zetu mnazijua, kuna binamu kaja juzi, kuna mama kaja kulea mjukuu, kuna kijana wa kanisani anasubiri apate apatimenti yake na mwaka wa pili huu. Kila mmoja wao ama anaingizwa kwenye bima na unalipia, ama anatolewa. Texas karatasi ya kumtoa inaitwa fomu 515A. Ukiona maneno "excluded driver", yani dereva aliyetolewa, halafu chini yake jina la mtu anayekula kwako, jua ufunguo wa gari usikae mezani. Akigonga, hakuna bima, na wewe mwenye gari unaweza kushtakiwa pamoja naye.

Basi tuje kwenye kampuni, kwa mpangilio wangu mimi.

Kama mwenzi wako yuko jeshini acha kusoma hapa nenda USAA, hao hawachukui raia wa kawaida, wako San Antonio hapo tu, ulizia bei yao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa sisi wengine namba moja yangu ni State Farm, na sifichi kwamba nawapenda. Si rahisi kuliko wote, nilipohamia kwao nikamwingiza na mdogo wangu bei ilipanda kutoka 148 hadi 219 kwa mwezi, iliniuma. Ila unapata wakala mwenye ofisi na mlango, unakaa, unamuuliza. Wa kwangu ni mama mtu mzima wa Alief, alichukua kalamu ya njano akapita ukurasa kwa ukurasa, kila jina la mtu wa nyumbani kwangu akalipaka rangi, akasema huyu yumo, huyu yumo, huyu umesema hana leseni akipata unipigie siku hiyohiyo. Huo ndo ununuzi wa bima. Halafu wana programu ya simu inaitwa Drive Safe & Save, inapima unavyoendesha inakupunguzia, na kwa mgeni inafaa maana haikuulizi historia, inaangalia breki zako. Ubaya wa wakala wa State Farm anauza State Farm tu, akikosa bei nzuri hana pa kukupeleka.

Namba mbili Progressive. Unafanya mwenyewe mtandaoni na kuna sehemu inakuorodheshea watu wa anwani yako inakuuliza kila mmoja umweke wapi, soma hapo taratibu usibonyeze tu kama unakubali masharti ya Wi-Fi ya airport. Wao programu yao ni Snapshot na wenyewe wanasema ukiendesha vibaya bei inaweza kupanda, kwa hiyo kama unapenda kuchomoka kwenye taa achana nayo.

Tatu GEICO, sawa tu, simu wanapokea.

Root ni ya wale wasio na historia kabisa, unaweka programu kwenye simu, inakufuatilia wiki kadhaa ndo wanakupa bei. Nimeweka nne kwa sababu kila kitu ni simu, na mimi nataka mtu.

Yale maduka ya bei chee yenye bango la njano "leo unaondoka na bima" sina la kusema zaidi ya nililosema. Yapo, yanasaidia mtu aliyebanwa, yamenimaliza.

Sasa kwa nini mgeni tunachajiwa hivi? Vitu viwili. Leseni: miaka tisa nimeendesha Dar, Mandela Road na malori ya bandarini yale, kwenye kompyuta yao mimi nimeanza kuendesha siku niliyopata leseni ya Texas. Texas inakuruhusu siku 90 kutumia leseni yako ya nyumbani ukishahamia, ila muulize kila kampuni kama inahesabu miaka yako ya nje, wapo wanaohesabu wapo wasiohesabu, na hiyo peke yake inageuza bei. Pili ni kredit, yani rekodi yako ya kukopa na kulipa. California sheria imekataza kuangalia kredit kwenye bima ya gari, huku Texas wanaruhusiwa, na wewe umetua juzi kredit utaitoa wapi? Kwa hiyo bei ya kwanza usiioe. Mikataba mingi ni ya miezi sita, ikiisha ulizia upya kila mahali, ila usiache siku hata moja katikati bila bima, maana pengo hilo nalo wanalilipisha.

Kiwango cha chini cha sheria hapa ni 30/60/25, yani dola elfu 30 kwa majeruhi mmoja, elfu 60 kwa majeruhi wote wa ajali moja, elfu 25 kwa mali uliyoharibu. Hebu angalia magari ya hapo Beltway 8 uniambie elfu 25 inanunua ngapi. Na hiyo yote ni ya yule uliyemgonga, gari lako likizama mafuriko, na Houston tunayajua, hupati kitu mpaka uwe na komprehensivu. Kukamatwa bila bima faini ya mara ya kwanza ni kati ya dola 175 na 350, na polisi hahitaji hata kukuuliza karatasi, anaangalia kwenye mfumo wa TexasSure.

Kitu kingine kilichonikera, nilipokagua zile karatasi upya nimekuta kuna dola 20 kila mwezi za "motor club", kuvutwa gari sijui na nini, si bima, sikuomba, nimelipa miezi saba. Kwa hiyo ukipewa bei sema nioneshe mstari kwa mstari. Na zile tovuti za kulinganisha bei, ukiweka namba yako ya simu umekwisha, mimi siku moja nilipigiwa mara kumi na nne nikiwa kazini. Serikali ya Texas ina tovuti yake ya kulinganisha inaitwa HelpInsure, ya bure, anzia hapo.

Deni la Tahoe tunalipa 200 kwa mwezi, nusu mdogo wangu nusu mimi. Yule wakala wa "pembeni" bado ananitumia meseji ya Eid Mubarak na ya Krismasi njema, zote mbili, miaka miwili sasa, na hajawahi kuuliza mimi ni dini gani.