Veselka, New York: chakula cha arobaini ya Bibi

Mkahawa wa Veselka, wa vyakula vya Kiukraine, uko kwenye pembe ya Second Avenue na mtaa wa 9, mashariki mwa Manhattan. Bibi yake mke wangu alipofariki akiwa na miaka 97, familia iliamua kwamba baada ya ibada ya arobaini, ambayo Waukraine huishika kama tunavyoishika sisi wa pwani, chakula cha kumkumbuka kiliwe hapo na si ukumbini. Ninautathmini basi mkahawa uliopewa kazi nzito kuliko kushibisha watu.

Marehemu alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji kimoja cha eneo la Galicia, karibu na Ternopil, magharibi mwa Ukraine ya leo, eneo hilo lilipokuwa chini ya Poland. Ndiyo maana njaa kuu ya 1932 na 1933, iliyoua mamilioni katika Ukraine ya Kisovieti, haikufika kwao. Kilichomng'oa kijijini ni vita. Mwaka 1942 Wajerumani walimchukua kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika shamba moja la Bavaria, na vita vilipokwisha hakutaka kurudi katika nchi ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Wasovieti. Aliishi katika kambi ya wakimbizi ya Regensburg hadi 1949, alipopanda meli huko Bremerhaven chini ya sheria ya Marekani ya 1948, iliyotaka mkimbizi awe amehakikishiwa kazi na makazi kabla hajaingia. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kusafisha ofisi usiku, na aliifanya kwa muda mrefu kuliko ilivyodumu ndoa yake.

Veselka ni zao la wimbi hilohilo la wakimbizi. Wolodymyr Darmochwal aliianzisha mwaka 1954 kama duka dogo la magazeti na peremende, na leo inaendeshwa na mjukuu wake, Jason Birchard. Bibi alikuwa mteja tangu enzi za magazeti, ingawa hakuwahi kukisifu chakula cha mtu yeyote asiye yeye mwenyewe.

Niseme kwanza kuhusu borscht, supu ya bitiruti, kwa sababu ndiyo kipimo. Bibi aliipima kwa uchachu: ikiwa tamu tu, mpishi ameshindwa. Ya Veselka ina uchachu unaostahili, rangi nzito na nyama iliyolainika bila kumeng'enyeka, na krimu chachu huipoza bila kuifunika. Hii ndiyo supu ambayo mkahawa uliiuza kuichangia Ukraine baada ya uvamizi wa Urusi wa Februari 2022, mwaka ambao marehemu alishinda mbele ya televisheni akitaja majina ya miji kabla mtangazaji hajayataja. Shemeji yangu, ambaye si mtu wa kusifu, aliongeza bakuli.

Varenyky, yaani vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, jibini, au kabichi chachu na uyoga, huja vimechemshwa au vimekaangwa. Agizeni vya kuchemshwa. Kukaanga huficha unga, na unga ndio ufundi wenyewe. Vitunguu vilivyokaangwa juu yake vinatosha. Holubtsi, kabichi iliyofungiwa nyama na wali, ni chakula kizuri lakini kizito, hasa kwa mtu aliyetoka kusimama kanisani kwa muda mrefu. Mkate wao laini wa challah ni mzuri sana, ila wazee mezani petu waliuliza mkate mweusi wa shayiri nyekundu, na nadhani Bibi angewaunga mkono. Mtu wa Mombasa atakosa pilipili katika kila sahani, na si haki kuulaumu mkahawa kwa hilo.

Kolyvo, ngano iliyochemshwa na kutiwa asali, ambayo kila mfiwa huonja kijiko kimoja kabla ya kitu kingine chochote, tulikuja nayo wenyewe kutoka Kanisa la Mtakatifu George lililo mtaa wa 7. Mhudumu aliiona, akaleta vijiko vidogo bila kuombwa, kisha akasubiri tumalize ndipo akachukua maagizo. Kwa jambo hilo pekee ninawapa alama zote za huduma.

Wanaotaka utulivu wa msiba wajue kwamba hapa ni mahali penye watu wengi na kelele, na foleni za mwishoni mwa wiki hufika barabarani. Nendeni siku ya kazi, mapema, na kama mna wazee waombeeni viti vilivyo mbali na mlango.