Sofa za ngozi ya nubuki: kabla hujanunua dawa, kagua pua ya chupa

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu sofa za nubuki hunitumia picha zinazofanana mno: mgongo wa sofa umejaa madoa ya duara, kila doa na ukingo wake uliokoza, tena mahali ambapo awali palikuwa na vumbi tu. Dada mmoja aliyenitumia picha kama hiyo alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alinunua dawa ya gharama iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nubuki, akasoma maelekezo mpaka mwisho, akajaribu kwanza sehemu ya nyuma isiyoonekana. Nilipomuuliza ile chupa inapulizaje, akajibu kwamba inatema. Hapo nikajua.

Miongozo mingi huanza na bei, harufu, ukubwa wa chupa na nyota za wateja. Mimi naviacha vyote hivyo. Kwenye ngozi ya aina hii swali langu la kwanza ni moja: dawa inatoka kwenye chupa ikiwa ukungu au ikiwa matone?

Sababu iko kwenye ngozi yenyewe. Nubuki ni ngozi iliyopigwa msasa upande wake wa nje mpaka ikaota vinyweleo vifupi laini. Suedi ni jamaa yake, ila hiyo hutokana na tabaka la ndani. Zote mbili hazina koti la rangi juu kama sofa za kawaida zinazong'aa, kwa hiyo chochote kinachozigusa kinazama. Tone la maji likizama, huyeyusha vumbi, jasho na rangi iliyolegea, kisha linapokauka huvisukuma vyote hadi ukingoni na kuviacha hapo. Ndiyo duara unayoiona. Ukungu laini hauna ukingo wa namna hiyo, maana eneo zima linalowa kidogo kwa usawa na kukauka pamoja.

Kama huna hakika sofa yako ni ya aina gani, pitisha ukucha kidogo mahali palipojificha. Ukiacha mstari wa rangi tofauti na ukafutika ukipapasa kwa kiganja, hiyo ni nubuki au suedi. Baadhi ya watengenezaji huweka herufi kwenye lebo chini ya mto: P ni ngozi yenye koti la kinga, A ni anilini, yaani ngozi iliyopakwa rangi ikazama bila koti juu, N ni nubuki. Itafute kabla hujatoa pesa.

Sasa jinsi ya kupima pua ya chupa. Omba kuipuliza kwenye karatasi kavu, umbali wa sentimita 20 hadi 30, kisha inua karatasi kwenye mwanga. Unachotaka ni unyevu mmoja uliotandaa. Ukiona nukta kubwa katikati na nyingine zimerukia pembeni, rudisha chupa. Tazama hasa mbonyezo wa kwanza na wa mwisho, kwani chupa za kuvuta kwa kidole ndipo zinapotema: mwanzoni kwa sababu mrija una hewa, mwishoni kwa sababu tone hubaki mdomoni likining'inia na kudondoka ukiwa umeshaipeleka juu ya mto. Tone hilo moja linatosha.

Wapo wanaosema, basi pulizia kwenye kitambaa halafu ufute. Kwa dawa ya kusafisha, ni sawa kabisa, na ndivyo ninavyoshauri. Kwa dawa ya kinga haiwezekani. Kinga inatakiwa itue juu ya vinyweleo na kukauka ilipo. Ukiisugua kwa kitambaa unalaza vinyweleo, na kinga inakaa mabaka mabaka. Kwa hiyo kwenye kinga pua ya chupa ndiyo bidhaa yenyewe.

Sasa orodha yangu ya vitu vya kununua. Nafasi ya kwanza naipa vifaa vikavu: kitambaa maalumu cha nubuki chenye mkwaruzo mdogo sana, na raba ya kufutia ya ngozi ya aina hii. Hapa hakuna pua, hakuna tone, hakuna duara. Sehemu kubwa ya uchafu wa sofa ni vumbi na weusi wa kusuguana, na vyote huondoka vikavu. Pitisha kwanza mashine ya kufyonza vumbi yenye kichwa cha brashi laini, kisha raba taratibu kuelekea upande mmoja. Mkono mzito hung'arisha ngozi, na ngozi ya nubuki iliyong'aa imeanza kuzeeka. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hivi na uishie hapo.

Nafasi ya pili ni ya Collonil, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Ni ya Berlin, ipo tangu 1909, na dawa zake za kinga kama Carbon Pro huja kwenye kopo la gesi. Kopo la gesi hutoa ukungu mfululizo mradi kidole kimebonyeza, jambo ambalo chupa ya kawaida ya kuvuta haiwezi kuliiga. Pulizia tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito, ukianza kubonyeza nje ya sofa na kuachia nje ya sofa, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa chumba kingine. Angalia usichanganye na ile ya Nubuk+Velours inayouzwa kwa rangi mbalimbali. Hiyo huongeza rangi, na wewe unataka kinga tu. Lalamiko langu ni kwamba makopo haya yamepimiwa viatu na mikoba. Sofa ya watu watatu hula zaidi ya kopo moja, na sijaona muuzaji anayemweleza mteja hivyo kabla hajalipa.

Kuhusu kinga, kuna jambo la kujua. Mwaka 2000 kampuni ya 3M ilitangaza kuachana na kemikali ya zamani yenye florini iliyokuwa kwenye Scotchgard, dawa yake ya kinga, kwa sababu haiozi na hubaki kwenye mazingira na miilini. Miaka ya karibuni soko limekuwa likihamia kwenye kinga zisizo na florini, na nafurahi. Lakini kinga hizo mpya huzuia maji vizuri kuliko zinavyozuia mafuta, na adui mkubwa wa sofa ni mafuta: ya nywele pale kichwa kinapoegemea, ya viganja kwenye mikono ya sofa. Muuzaji akikuambia kopo lake linazuia kila kitu, muulize kuhusu mafuta ya nywele.

Nafasi ya tatu: seti ya nubuki ya Leather Master, ya Italia. Ninachokipenda ni kwamba dawa ya kusafisha na dawa ya kinga ni vitu viwili tofauti. Chupa zinazodai kufanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja sizitaki, kwa kuwa zinafungia uchafu chini ya kinga. Dawa ya kusafisha iweke kwenye sifongo, kamwe usiipeleke moja kwa moja kwenye ngozi, na safisha kipande kizima kutoka mshono hadi mshono. Ukisafisha doa peke yake unabaki na doa safi, na doa safi linaonekana kama doa lolote.

Nafasi ya nne ni povu la nubuki, la kampuni yoyote, kwa masharti. Ndani ya pampu ya povu kuna wavu mdogo unaochanganya hewa na dawa. Wavu ukiwa hafifu, linatoka povu la majimaji lenye mapovu makubwa. Weka kiasi kwenye kiganja, pindua mkono. Povu zuri linabaki limeshikilia. Likichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, jua kwamba hivyo ndivyo litakavyochuruzika mgongoni mwa sofa.

Kwa mafuta yaliyokwisha kuzama, kabla ya dawa yoyote jaribu poda nyeupe isiyo na manukato au wanga wa mahindi: nyunyiza, acha usiku kucha, fyonza, rudia.

Krimu za ngozi, sabuni ya matandiko ya farasi, nta, mafuta ya kulainisha na vitambaa vya unyevu vya watoto ni vya bei rahisi na ni vya ngozi nyingine. Vinalaza vinyweleo na kuacha mng'ao. Magadi soda na sabuni ya kipande navyo viko upande wa alikali, wakati ngozi iliyotengenezwa kwa kromu ina asidi kiasi, pH ya kati ya 3.5 na 5 hivi. Viache jikoni na bafuni.

Kwa mwenye madoa ya duara tayari: lowanisha kipande chote, mshono hadi mshono, kwa ukungu wa maji yaliyokenekwa (yale yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), kausha kwa sifongo safi bila kusugua, acha yakauke yenyewe mbali na jua na kikausha nywele, kisha piga brashi laini. Madoa mengi ya maji hupungua hivyo. Yakibakia baada ya hapo, mtafute fundi wa ngozi.

Na sasa wauzaji wa sofa. Mtu ananunua fanicha ya gharama kubwa kuliko vyote vilivyomo sebuleni, na mlangoni anakabidhiwa chupa ya bure ya dawa ya ngozi, iliyokusudiwa ngozi yenye koti la rangi. Muuzaji aliyesifia ulaini wa nubuki kwa nusu saa hajui, au hajali, kwamba chupa hiyo itaumaliza ulaini huo. Kisha humo humo anauza mkataba wa matunzo. Usome. Mingi hufidia divai iliyomwagika ghafla na kukataa uchafu uliojikusanya polepole, yaani mafuta ya kichwa na viganja, jambo pekee ambalo lina hakika ya kutokea kwa kila sofa inayokaliwa. Pesa ya mkataba huo inanunua kitambaa, raba na makopo mawili ya kinga, na ningemtaka kila mteja amwambie muuzaji hivyo usoni kabla hajatia sahihi.