Python 3.15 kwenye Windows: UTF-8 sawa, lakini mbona kimya kimya?

Toleo lijalo la lugha ya programu ya Python, 3.15, limenikera, tena kwa jambo ambalo nimelitaka miaka yote: UTF-8 kuwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) wa msingi kila mahali, Windows ikiwemo. Wa Linux na macOS wapite tu, kwao karibu hakuna kitakachobadilika.

Kwenye Windows, `open("majina.csv")` bila kutaja usimbaji hufuata mipangilio ya mashine, na kwenye mashine nyingi hiyo ni cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Kuanzia 3.15 itafuata UTF-8. Sasa chukua faili la zamani lenye neno ng’ombe lililonakiliwa kutoka Word, ritifaa yake imepinda. Katika cp1252 ritifaa hiyo ni baiti moja, 0x92. UTF-8 haiikubali baiti hiyo ikisimama peke yake, basi skripti inakufa na `UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0x92`. Hapo sina ugomvi. Imeanguka kwa kelele, mstari unauona, unaandika `encoding="cp1252"`, kazi inaendelea.

Ugomvi wangu uko kwenye `open(..., "a")`. Skripti inayoongeza mistari mwishoni mwa faili haisomi kilichomo. Kwa hiyo haigomi, haionyi, haisemi lolote. Mistari ya juu inabaki cp1252, ya chini inaingia kama UTF-8, faili ni lilelile. Siku ya kulisoma ndipo utakapokiona cha mtema kuni. Ukilisoma kwa UTF-8, 0x92 ya juu inakukwamisha. Ukirudi cp1252, ritifaa za chini zinageuka â€™, na kama kuna mtu aliyefunga nukuu kwa ” ndiyo basi tena: baiti zake ni E2 80 9D, na 0x9D haina herufi yoyote katika cp1252, kwa hiyo huko nako Python inagoma. Na `errors="replace"` usiiguse kabisa. Inaweka � mahali pa herufi, ukihifadhi tu, herufi ya asili huipati tena.

Dawa ni kulifungua kwa `"rb"`, yaani kusoma baiti ghafi, kulikata mstari kwa mstari, kila mstari uujaribu kwa UTF-8 kwanza, ukikataa ndipo cp1252, kisha yote yaandikwe kwa UTF-8 kwenye faili jipya. Mpangilio huo usiugeuze. cp1252 inakubali karibu kila baiti, ukianza nayo itameza mistari ya UTF-8 na kukutemea uchafu bila kulalamika.

Kwa CSV zitakazofunguliwa na Excel, andika `encoding="utf-8-sig"`, yaani UTF-8 yenye alama mwanzoni inayoitambulisha, la sivyo herufi zitavurugika tena huko.

Kinachonipandisha hasira ni kwamba onyo lipo! Lipo tangu 3.10 ya mwaka 2021, linaitwa `EncodingWarning`, ila limezimwa. Ili ulione lazima uendeshe `python -X warn_default_encoding`, au uweke `PYTHONWARNDEFAULTENCODING=1`. Yaani onyo la kuomba. Anayejua kuliomba ndiye huyo huyo ambaye tayari anaandika `encoding=` kila mahali. Na ukilalamika, utajibiwa kwamba nyaraka zilisema.

Haki nayo isemwe: lingewashwa kwa wote, karibu kila programu ingepiga kelele, na nyingi zingekuwa za maktaba ambazo si zako. Hoja hiyo ina uzito, na hapo nilikuwa nakaribia kusamehe. Lakini hapana. Fanksheni ndogo ndogo za Python zikipangwa kuondolewa, `DeprecationWarning` inajitokeza yenyewe kwenye skripti kuu. Badiliko linaloweza kuharibu data bila hitilafu hata moja, ndilo limenyimwa hata hilo? Tena lingeweza kuwashwa kwa Windows pekee.

Kwa hasira hizi hata `lazy import`, nyongeza nyingine ya 3.15, sijaifurahia inavyostahili, na ni nzuri kweli: programu za mstari wa amri zinaanza upesi kwa sababu maktaba haipakiwi hadi iguswe. Ila isikupite kwamba hairuhusiwi ndani ya `try` wala ndani ya fanksheni, na maktaba ikikosekana, hitilafu itatokea pale inapotumika mara ya kwanza, si juu ya faili.

Usisubiri toleo litoke. Kwenye Python uliyonayo leo weka `PYTHONUTF8=1`, inayowasha UTF-8 mapema, endesha kazi zako juu ya nakala ya data, na uwashe lile onyo. Penye faili linalopaswa kufuata mashine, andika `encoding="locale"`. Mimi mashine za Windows zitaingia 3.15 zikiwa na `PYTHONUTF8=0`, inayorudisha tabia ya zamani yote, na haitoki mpaka `open()` ya mwisho iwe imetajiwa usimbaji wake. Nikianza na zile zenye `"a"`.