Besi Gani Ununue? Angalia Shingo Kwanza, Rangi Utaizoea

Mwaka juzi niliacha shilingi 650,000 kwenye duka moja la Kariakoo, nikatoka na besi (gitaa la sauti nzito) ya nyuzi tano, nyekundu ya damu ya mzee, inang'aa mpaka unaweza kuchana nywele mbele yake. Miezi mitatu ya mwanzo tulipendana. Wa nne nyuzi zikaanza kupaa. Kila Jumapili naona zimesogea mbali zaidi na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, vidole vinachubuka, nikishuka madhabahuni mkono wa kushoto hata kikombe cha chai haushiki vizuri. Nikazishusha kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, yaani tumboni mwa gitaa. Basi ndiyo nikaharibu kabisa: kuanzia freti ya 12 kwenda juu kila noti ikawa inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Nikaipeleka kwa fundi Mwananyamala. Hakuuliza hata chapa. Aliinyanyua kama bunduki, akafumba jicho moja, akaangalia shingo kutokea kwenye bodi hadi kichwani, halafu akaguna. Akafungua kile kifuniko kidogo cha plastiki kichwani, akaingiza alenkii, ule ufunguo wa pembe sita, akazungusha. Haikushika kitu. Alipoichomoa, kwenye ncha yake kulikuwa na unga wa chuma, ule wa kung'aa kama pambo la Krismasi. "Dada, hii ilishakazwa mpaka mwisho, na nati yenyewe imelika. Aliyekuuzia alikuwa anajua."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "dada, nichukue besi gani?" simjibu habari za pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), wala rangi, wala nyuzi ngapi. Namuuliza: hiyo nati umeigusa?

Nieleze kidogo, maana wengi hatukuambiwa. Ndani ya shingo ya gitaa kuna fimbo ya chuma. Kazi yake ni kupambana na nyuzi. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwenye sauti yake zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, yaani kama mfuko mmoja na nusu wa saruji unaoning'inia pale usiku na mchana, ukiwa unapiga au umelala. Mbao nayo haikai kimya, hasa mji kama Dar: inavuta unyevu, inautoa, inajinyoosha, inajikunja. Ile nati, iliyo kwenye ncha ya fimbo, ndiyo usukani wa kuirudisha shingo kwenye mstari. Ikifa, au ikiwa imeshafika mwisho, gitaa zima limebaki pambo la ukutani. Na kubadilisha shingo ni karibu kununua besi nyingine, ukibahatika kupata inayoingia.

Kupima hakuhitaji ufundi. Bonyeza uzi wa nne kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza pale shingo inapokutana na bodi. Uzi sasa umekuwa rula. Angalia nafasi iliyopo katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Inatakiwa kuwepo, lakini ndogo, kama unene wa kadi ya vocha ya kukwangua. Ukiona unaweza kupitisha sarafu, shingo imepinda mbele. Uzi ukilala juu ya freti bila nafasi kabisa, imepinda nyuma au imekazwa kupita kiasi. Halafu, na hili ndilo wauzaji hawalipendi, omba alenkii. Legeza robo mzunguko, kaza robo mzunguko, umerudi ulipoanzia. Usikie ukinzani, kama bomba la maji lililofungwa vizuri. Ikizunguka kirahisi hivi hivi, au ikigoma kabisa kwenda upande wa kukaza, mshukuru mwenye duka uondoke. Akikataa usiguse kwa kuwa "utaharibu bidhaa", ondoka bila kushukuru.

Jambo jingine: uliza nati iko wapi. Kwenye besi nyingi za leo iko kichwani chini ya kifuniko. Zipo zilizotengenezwa kwa mtindo wa zamani ambazo nati iko mwisho wa shingo, upande wa bodi, na ili uirekebishe inabidi ulegeze nyuzi zote na kuifungua shingo. Kwa anayeishi pwani, ambaye atarekebisha mara kadhaa kwa mwaka, hiyo ni adhabu. Besi ya StingRay ya kampuni ya Music Man, iliyoanza kuuzwa 1976, siku hizi ina kigurudumu chenye matundu mwisho wa shingo: unachomeka bisibisi nyembamba, unasukuma, umemaliza, na nyuzi zako zimekaa pale pale. Nikipata mume tajiri nitaitaka hiyo.

Sasa tuzipange, na nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa Yamaha. Sijalipwa. Ningelipwa ningekuwa na ampu (kikuza sauti) kubwa zaidi.

Namba moja ni Yamaha TRBX304. Ninayopiga sasa ndiyo hiyo. Shingo yake haikuchongwa kwenye kipande kimoja cha mbao, imegandishwa vipande vitano, mepo na mahogani kwa kupishana, na kila kipande kinamzuia mwenzake asijikunje. Nati iko kichwani. Masika mbili zimepita, nimeigusa mara tatu tu, tena kidogo sana. Mlio wake una kifua; kuna swichi ya nafasi tano inayobadilisha toni bila kuhangaika na vitasa, ingawa mimi huwa nimeiacha sehemu moja tangu nilipoinunua. Ubaya upo. Inatumia betri ya volti 9, ile ya mraba, na betri ikiisha besi inanyamaza kabisa, haina njia ya kupita bila umeme. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Ilinikuta kwenye harusi Sinza, bibi harusi ndiyo anaingia. Chomoa waya ukimaliza, na uwe na betri ya akiba kwenye mkoba.

Usiyetaka habari za betri chukua mdogo wake, TRBX174. Haina umeme ndani, inalia tu. Shingo yake ni ya mepo, kwa hiyo kaguzi zako ziwe za mara kwa mara zaidi, lakini bado kwa mwanafunzi naiweka juu ya nyingi zinazouzwa kwa bei mara mbili. Kule Marekani mpya imewahi kuuzwa chini ya dola 300. Hapa kwetu nimewahi kutajiwa bei tatu tofauti kwenye mtaa mmoja, ndani ya saa moja.

Namba mbili ni Ibanez SR300E. Shingo yake nayo ni ya vipande vitano, mepo na wolinati, nyembamba, tamu kwa mwenye mkono mdogo kama wangu. Kusema kweli kwa seben ya haraka vidole vinakimbia juu yake kuliko kwenye Yamaha. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu mimi ndiye ninayeandika.

Namba tatu, Squier, hasa zile za Classic Vibe. Hizi ni za familia ya Fender, na muundo ni ule ule ulioanza na Precision mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960. Faida yake kubwa ni vipuri: nusu ya mafundi wa dunia nzima wanaijua besi hii wakiwa wamefumba macho, na shingo ya kubadilisha hupatikana. Ila shingo ni kipande kimoja. Pima kama nilivyokwambia, na usome jina kichwani kwa makini, maana kuna stika zinatembea mjini. Nimeona "Fender" ambayo herufi zilikuwa zinabanduka kwa ukucha.

Besi zisizo na jina, zile za boksi lenye mkanda, pamba ya kufutia na ampu kama redio ya mkulima? Pima shingo kama zingine zote, na usizidishe matumaini. Basi.

Ugomvi wa nyuzi nne au tano nauacha kwa vijana wa kwaya, ila mjue uzi wa tano unaongeza mvuto kwenye shingo ile ile. Kama kikundi chenu hakiimbi kwenye noti ya B ya chini, ile ya uzi huo, mnalipia uzi wa kupumzishia kidole gumba.

Tuje kwenye ampu. Huku watu wanapoteza hela kwa namna mbili. Ya kwanza ni kununua ampu ya gitaa la solo na kuipigia besi. Spika yake haikutengenezwa kusukuma noti za chini. Itatetemeka, itapasuka karatasi, na utamlaumu jini. Ya pili ni ile inayoniuma zaidi: shemeji anakuja kutoka Marekani, ameleta ampu nzuri ya zawadi, mnaichomeka, inatoa harufu. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Kabla ya chochote geuza ampu, soma kibao cha nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, inataka transfoma ya kushusha umeme, na transfoma ya kubeba ampu kubwa si kitu cha kutia mfukoni.

Kwa chumbani, Fender Rumble 40 inatosha na kuzidi. Ukiwa na mpiga ngoma, wati 100 ndiyo mwanzo wa mazungumzo, kwa sababu besi inakula nguvu kuliko solo. Mimi ninatamani Rumble 500, ambayo haifiki kilo 17 na inaingia kwenye bajaji bila dereva kuongeza nauli. Wasikudanganye tu kuhusu hizo 500: peke yake inatoa wati 350, zilizobaki unazipata ukiunganisha kabati jingine la spika. Wanaopenda sauti ya kale watakuambia Ampeg, na hawajakosea. Ampu yao ya SVT ya 1969 ya wati 300 ndiyo iliyofundisha watu besi ya uwanjani. Lakini kabati lake la spika nane lina zaidi ya kilo 60, na mimi napanda ngazi. (Ampeg ilinunuliwa na Yamaha mwaka 2018. Mnaona? Njia zote zinarudi nyumbani.)

Halafu ukweli wa kumbi zetu: mara nyingi hakuna ampu ya besi. Fundi mitambo anakutupia waya, unaingia moja kwa moja kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na sauti inatoka nyembamba kama uji wa mgonjwa. Kwa hiyo kama hela ni ya kitu kimoja tu baada ya besi, usinunue ampu. Nunua kiboksi cha kukuingiza kwenye miksa kiungwana. SansAmp Bass Driver ya Tech 21 ndiyo baba yao, ipo tangu miaka ya tisini. Behringer BDI21 inajaribu kazi hiyo hiyo kwa hela ndogo na boksi la plastiki. Ukiikanyaga kwa hasira ni juu yako.

Pedali (kiboksi cha kukanyaga kwa mguu) ya kwanza kabisa iwe ya kurekebishia sauti za nyuzi, na hapa Boss TU-3 sijaona ya kuishinda: ya chuma, unaona taa zake hata jua la saa saba. Anayetaka mengi kwa pamoja, Zoom B1 Four ina athari kibao za kubadilisha mlio, ngoma za kufanyia mazoezi, na inakubali betri nne ndogo za rimoti, jambo la neema umeme ukikatika. Ila ukishaifungua, zima kila kitu ilichokuja nacho kutoka kiwandani. Zile sauti zilitengenezwa kumfurahisha mtu dukani.

Na adapta! Usichomeke ya ruta ya intaneti kwa kuwa tundu limelingana. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi katikati. Adapta nyingi za ruta ni chanya katikati. Kuna kamchoro kadogo kwenye kibandiko, duara na nukta, kaangalie.

Nimemaliza ya vifaa, sasa wauzaji. Ninyi wa "bei njoo inbox", mnaficha nini? Nimeuliza besi, nimejibiwa kwa kuulizwa ninaishi wapi. Niliwahi kuingia duka moja na mdogo wangu wa kiume, hajui hata kukaza uzi, maelezo yote akapewa yeye. Mimi nikaulizwa kama namnunulia mchumba. Na yule wa nyekundu yangu nilimtumia picha ya ule unga wa chuma kwenye ncha ya alenkii. Tiki mbili za bluu, kimya siku mbili, kisha: "Dada angu bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Ila kuna mzigo mpya umeingia, karibu."

Nilikwenda. Nilikuwa na alenkii kwenye mkoba, saizi nne tofauti. Alipoiona akasema zote zimeshawekewa oda.