TAHADHARI: MUUZA TAA ZA VIFARANGA MWANJELWA, MSIMKARIBIE

Wafugaji wenzangu wa Mbeya, na yeyote anayelea vifaranga kwa taa, nawaomba msome hadi mwisho na mumtumie kila mwenye banda. Nimetapeliwa. Naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, na aibu juu yake, maana mimi ndiye mnayempigia simu mkitaka kujua vitu vya banda vinanunuliwa wapi.

Nilichukua boksi tatu, vifaranga 300 vya siku moja, na baridi ya Juni hapa Uyole hakuna asiyeijua. Nikaamua kutumia globu za waya, zile za zamani. Sikutaka LED kwa sababu LED inatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo na joto lake halimfikii kifaranga. Globu ya waya ni kinyume chake: zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula inatoka kama joto. Ndiyo maana imefukuzwa sebuleni, na ndiyo maana sisi tunaitafuta.

Na nilimwambia hivyohivyo. Nimeingia dukani, kijana kanipa shikamoo, kaniuliza habari za nyumbani kwa Kinyakyusa, kanivutia stuli. Nikamwambia, "Mwanangu, sitafuti taa ya kusomea. Nataka ya joto, wati 200, nne." Akasema, "Mama, hizo ndizo wanazochukua wafugaji wote wa Uyole na Igawilo." Juu ya kaunta kulikuwa na moja inawaka. "Weka mkono mama, usiniamini mimi." Nikasogeza mkono. Ilikuwa inaunguza kweli! Sikufika hata karibu ya kioo, nikaurudisha.

Kisha akainama, akatoa boksi nne chini ya kaunta, zimefungwa kwa gundi, zimeandikwa 200W, 240V, na picha ya kuku ubavuni. Kila moja akaichomeka kwenye holda ya ukutani, ikawaka, akazima, akairudisha kwenye boksi. Sekunde chache tu kila moja. Nilimuuliza mbona ndani naona vijiti vya njano, waya mwembamba uko wapi. Akajibu bila kupepesa macho kwamba hizi ni mpya, waya umepakwa dawa ili usikatike umeme ukikatika na kurudi. Halafu akachomoa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, mfukoni, akaitia kwenye soketi, kale kataa kekundu ndani ya mpini kakawaka. "Mama, umeme huo hapo, taa hiyo hapo inawaka. Sasa wasiwasi wa nini?"

Mniambie ninyi, nani angekataa? Nimeuliza, nimejibiwa. Nimegusa joto kwa mkono wangu. Nimewashiwa zote nne mbele ya macho yangu. Nikatoa Sh 14,000 kwa kila moja, nikashukuru.

Jioni tukazifunga. Vifaranga wiki ya kwanza vinataka nyuzi 32 hadi 35. Saa mbili usiku kipimajoto kinasoma 19. Nikashusha taa, nikazungushia magunia, nikaziba kila upenyo. Saa nne vilikuwa vinalia kile kilio mnachokijua, vimerundikana kona moja vinakanyagana. Ndipo nikaishika globu kwa mkono mtupu. Vuguvugu. Globu ya wati 200 iliyowaka saa nzima ingenibabua ngozi! Tukawasha mkaa usiku huohuo, lakini vya chini kwenye rundo vilikuwa vimeshakosa hewa. Asubuhi nilijaza ndoo ya lita 20 kwa vifaranga vilivyokufa.

Baba Neema ndiye aliyeangalia LUKU, mita yetu ya umeme. Taa nne za wati 200 kwa saa 12 zinakula uniti 9.6. Kwetu haikushuka hata nusu uniti. Fundi alipokuja akacheka kwa uchungu: vile vijiti vya njano ndiyo LED zenyewe, zimepangwa zifanane na waya. Wati 8, labda.

Nikarudi dukani. Anajua nimefiwa na mifugo, ananitazama usoni, anasema, "Mama, si inawaka? Mimi nauza taa, joto siuzi." Watu wakacheka. Na risiti yangu ni ya mkono, haina muhuri, haina mashine. Ile ya juu ya kaunta bado inawaka, na bado inaunguza, inamsubiri mwingine.

Na siko peke yangu. Yule kinyozi wetu wa stendi kauziwa hapohapo bango la "neoni" kwa bei ya kioo. Neoni ya kweli ni mrija wa kioo wenye gesi, inaendeshwa na transfoma ya maelfu ya volti, na gesi ya neoni yenyewe inawaka rangi nyekundu ya chungwa. Yeye kapewa mkanda wa plastiki wenye LED na adapta ndogo kama ya simu. Mkanda ule si mbaya kwa saluni, hauvunjiki ovyo, lakini ulipe bei yake!

Kwa haraka, maana nimechoka: ndani ya globu ya joto kuna waya mwembamba sana uliojisokota, siyo vijiti. Iwashe dakika tano nzima, hiyohiyo utakayobeba, siyo ya maonyesho. Fundi mwenye mita akipima globu ya wati 200 ikiwa baridi atapata kama ohmu 20. Ya LED haitasoma hivyo. Testa isikudanganye, kale kataa ni ka neoni, kanawaka kwa umeme mdogo mno, kanasema umeme upo na basi. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji, liache.

Lakini huyu asiachwe! Leseni ifutwe, duka lifungwe, alipe vifaranga vyangu kimoja kimoja na bango la kinyozi. Bidhaa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, na TBS, Shirika la Viwango, nao waje wafungue yale maboksi. Kama nawe umeuziwa, usitupe boksi wala globu, piga picha LUKU yako na risiti uliyopewa, unitumie inbox leo. Jumatatu asubuhi naenda kushtaki, na nataka niende na watu.