Nyota moja kwa muuzaji, za kitabu bado nabishana na nafsi yangu

Naanza na muuzaji kwa sababu ndiye aliyenitibua nyongo. Nilinunua Frankenstein ya Mary Shelley kwa mmoja wa hawa wanaopanga vitabu vya mtumba chini, kando ya njia, katikati ya jiji. Ulikuwa msimu wa mvua, kitabu kimeviringishwa nailoni, shilingi elfu saba baada ya kuvutana. Chapa ya bei poa, kurasa mia na arobaini hivi, herufi ndogo kama chenga za mchele. Sikukikagua. Hapo nimekosa, nakiri, lakini nani anahesabu kurasa za kitabu manyunyu yakimdondokea kichwani?

Nikawa nakisoma usiku, kidogo kidogo, kamusi pembeni. Victor Frankenstein, kijana wa Geneva, anakwenda kusoma Ingolstadt, anaokoteza viungo vya maiti, na usiku mmoja wa Novemba anampa uhai kiumbe mwenye urefu wa futi 8. Viungo alivichagua vizuri, kimoja kimoja: nywele nyeusi za kung'aa, meno meupe. Jicho la manjano lilipofunguka tu, fundi kakimbilia chumbani kwake. Kiumbe akamfuata, akainua pazia la kitanda, akanyoosha mkono. Victor akachomoka tena, akashinda uani usiku kucha akizunguka kama kuku aliyenyimwa banda.

Sasa njoo ukurasa wa 64. Wawili hawa wamekutana juu ya barafu milimani. Mdogo wake Victor keshauawa, na Justine, msichana aliyekuwa akiwatumikia nyumbani kwao, kanyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Kiumbe anasihi: nisikilize kwanza, ndipo unihukumu. Wanaingia kibandani, moto unawashwa, wanaketi, anafungua kinywa. Nikaweka mto vizuri. Nikafunua.

Ukurasa wa 33. Usiku wa Novemba, mvua inagonga vioo.

Fungu zima la kurasa limeshonwa mara mbili! Nikamwona maskini akiumbwa upya na kukimbiwa upya, mpaka 64 kwa mara ya pili, kisha kitabu kikaruka hadi 97. Sura ya 10, halafu sura ya 17. Na mnajua sura ya 17 inavyoanza? Inasema kiumbe alimaliza kuongea, akamkazia macho Victor akingoja jibu. Alimaliza kuongea! Kaongea sura sita, na mimi sikuambulia hata hodi yake.

Kwa ukaidi nikaendelea hadi mwisho, kisha nikarudi kwa muuzaji. Hata kukishika hakukishika. "Anti, si umeshakisoma?" Nikamwambia nimesoma kilichomo, nataka kisichomo, hebu tazama hizi namba. Akanijibu huku akifuta vumbi vitabu vingine: "Hadithi si ile ile? Lile dubwana linatengenezwa, linaua watu, basi. Hapo katikati umekosa nini?" Kisha akamgeukia mteja mwingine, kwa sauti ya kusikika: "Mtu anamaliza wali, halafu anarudisha sahani anadai ukoko." Kijana wa kung'arisha viatu alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Nikaondoka na kitabu changu kwapani, masikio yanawaka moto.

Hizo sura sita nikaja kuzisoma kwenye simu, bure kabisa, maana kitabu ni cha zamani na haki zake zilikwisha. Kumbe elfu saba nilinunua nailoni.

Nikazisoma kwa hasira, na hasira ikanigeukia mimi. Kumbe ndimo alimo mtu mzima. Amejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, anawachungulia kwenye ufa. Maneno ya kwanza anayojifunza ni moto, maziwa, mkate, kuni. Mengine, kama "mwema" na "mpenzi", anayasikia na kuyatamka, ila maana yake haijui bado. Usiku anawakatia kuni na kuziacha mlangoni. Wenyewe wanasema ni roho njema. Halafu anajitazama kwenye maji na kushtuka. Siku anapojipa moyo wa kuingia, anangoja mzee kipofu abaki peke yake, kwa sababu ni yeye tu asiyeweza kumwona sura. Mzee anamkaribisha vizuri. Wanarudi watoto wa mzee, na mwanawe Felix, huyu huyu aliyekuwa akikatiwa kuni, anamshushia fimbo. Kiumbe anasema angeweza kumrarua kama simba amraruavyo swala. Moyo ukamfa, akaacha. Baadaye anamwokoa binti anayezama mtoni, na malipo yake ni risasi.

Ndipo anapoua mtoto. Simtetei. Lakini bila zile kurasa 32 huyu ni jini tu la kuvizia watu gizani, na Victor ni bwana mpole aliyepatwa na balaa. Na hivyo ndivyo nilivyomsimulia mdogo wangu wiki nzima: limeua mtoto, limemfuata, sasa linataka litengenezewe mke. Li-li-li! Muuzaji kasema "lile dubwana" nikakasirika, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamweka kwenye ngeli moja na jiwe na jembe. Baada ya sura ya 16 nilijikuta nasema "yule". Sikupanga, ulimi wenyewe uligoma.

Tena huyu wa njiani si wa kwanza kumkata ulimi. Kitabu kilitoka London mwaka 1818, na kufikia 1823 kikawekwa jukwaani. Kiumbe akafanywa bubu, na kwenye orodha ya wahusika, mahali pa jina lake, pakachorwa vistari tu. Mary Shelley alikwenda kuutazama mchezo huo, na vile vistari vilimpendeza. Ikaja filamu ya 1931, Boris Karloff na kichwa bapa na vyuma shingoni, ananguruma. Dunia nzima ikamjua huyo, na hata jina la fundi likabandikwa kwake. Yule aliyesoma mashairi ya Milton kwenye kitabu alichookota msituni hakuna anayemjua.

Ila kuna kitu kinanizuia nisiitupe hii chapa. Mwanzoni ina dibaji ambayo Mary aliiandika mwaka 1831, akikumbuka ule msimu wa joto wa 1816 karibu na Geneva, mvua haziishi, yeye na wenzake, pamoja na mshairi Byron, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Alikuwa na miaka 18. Kitabu kilipotoka mara ya kwanza, jina lake halikuwekwa. Katika dibaji hiyo anakiita kitabu chake mzao wa kutisha, na anamtuma aende zake akastawi. Hebu ona. Anamwita mbaya na anambariki papo hapo. Victor angelisema neno moja la namna hiyo pale kitandani, pazia limeinuliwa na mkono umenyooshwa, kitabu kingeishia hapo.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilitaka kuandika sifuri. Kisha nikafikiri, ningepata nakala nzima ningepita sura hizo kwa usingizi kama nilivyopitia zile barua za nahodha mwanzoni (samahani wapenzi wa barua, zinachosha). Pengo ndilo lililonifanya nizitafute. Halafu nikikumbuka ule ukoko, nafuta nyota zote.

Juzi juzi nimepita njia ile ile. Nilidhani kanisahau. Akanyanyua mkono kutoka mbali: "Anti! Ninayo Dracula hapa, hii kamili, naapa!" Yule wa viatu akaweka brashi chini kabisa, tayari kwa burudani. Nikachuchumaa juani, nikahesabu sura moja baada ya nyingine, namba kwa namba, wateja wakinipita. Zimo zote 27. Nikamwambia elfu tatu, na ule ukoko ananidai yeye.